Maombi ya Waamini Si Matangazo

Jumuiya ikipangiwa kuandaa Misa ya Jumapili, kuandika maombi ya waamini humwangukia yule anayejulikana kwa mwandiko mzuri. Mara nyingi ombi moja hula nusu karatasi: Mungu anaelezwa hali ya uchumi, anakumbushwa Injili iliyosomwa punde tu, kisha anaombwa awaguse wasiotoa zaka. Hilo la mwisho ni tangazo la parokia lililovishwa kanzu.

Utanzu huu ni mzee na una kanuni zake. Mtakatifu Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba baada ya masomo na mawaidha Wakristo walisimama wote wakasali pamoja. Baadaye maombi hayo yalififia katika Misa ya Kirumi, yakabaki Ijumaa Kuu, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza mwaka 1963 yarudishwe.

Mtindo wake unaonekana vizuri zaidi hiyo Ijumaa Kuu. Maombi ni 10, na kila moja lina sehemu mbili zisizochanganywa. Kwanza waamini wanaambiwa wamwombee nani, na kwa nini. Maneno yanaelekezwa kwao. Kimya kinafuata. Ndipo padre anapomgeukia Mungu kwa sala iliyobanwa: anamwita, anataja sifa au tendo lake, anaomba, anahitimisha kwa njia ya Kristo.

Maombi ya Jumapili yana mgawanyo wa namna hiyohiyo. Padre anafungua na kufunga, msomaji anataja nia, na sala yenyewe ni kiitikio cha watu. Wengi wetu huteleza hapo: tunampa msomaji kazi ya padre, tena na ya mhubiri, halafu tunashangaa kiitikio kikitoka kimelegea.

Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi unataka nia ziwe na kiasi, zitungwe kwa uhuru wenye busara na kwa maneno machache, zibebe sala ya watu wote. Kwa kawaida huanza na Kanisa, zikafuata serikali na ulimwengu, kisha wenye shida, mwisho jumuiya ya mahali. Kwenye ndoa au mazishi zinaruhusiwa kulielekea zaidi tukio lenyewe.

Kiswahili kinaupenda ufupi huu. "Tuwaombee wavuvi wa ziwani, ili warudi salama, tumwombe Bwana." Kauli ya kutendea imeshamtaja anayeombewa, na "ili" imeleta kusudi, hakuna haja ya kumsimulia Mungu habari za mawimbi. Mimi hupima kwa pumzi: nia inayomlazimu msomaji kuvuta pumzi mara tatu ikatwe. Nayo ifunge kwa maneno yaleyale kila mara, maana kufunga huko ndiyo ishara ya kuitikia. Msomaji akibadilisha mwisho kila ombi ili apendeze, nusu ya kanisa itaitikia na nusu itabaki ikitazamana.