Taa za pangoni: kwa nini moja ikiungua zote huzimika?

Kila Noeli tunapopamba pango, waya ule wa balbu ndogo za zamani hutusumbua: moja imeungua, zote giza. Balbu hizo zimeunganishwa kwa mfuatano, yaani umeme una njia moja tu, unatoka balbu hadi balbu. Njia ikikatika popote, mkondo unasimama. Volti 230 za ukutani nazo hugawanywa: balbu 20 zinazofanana hupata volti 11.5 kila moja.

Taa za kanisani zimeunganishwa sambamba. Kila moja ina njia yake na hupata volti 230 kamili, ndiyo maana ya sakristia ikiungua, ya altareni huendelea kuwaka. (Swichi, hata hivyo, hufungwa kwa mfuatano na taa yake, la sivyo isingeizima.)

Wengi wetu tumewahi kukata balbu iliyokufa na kuunganisha ncha za waya. Taa huwaka, tena kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo penye hatari. Tukiruka balbu 5, zile 15 zilizobaki hugawana volti zilezile 230, kila moja zaidi ya 15. Zinapata joto kupita kiasi, na pangoni zimelala juu ya nyasi kavu. Tutafute balbu ya volti ileile, na tuchomoe plagi kabla ya kugusa chochote.