Siku 28 za Barua Mezani

Jumamosi saa tatu asubuhi, nimejifunga kanga, mikono imejaa unga wa chapati, kengele ya mlango ikalia. Nikajua ni mtu wa vifurushi. Kumbe afisa ustawi wetu! Hakupiga simu, hakutuma meseji, kaja tu. Huku Uingereza familia inayolea mtoto aliye chini ya serikali hutembelewa bila taarifa angalau mara moja kwa mwaka, na siku yetu ikawa hiyo.

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunaishi Leicester. Tulipewa kibali cha kulea watoto wawili, akaja mmoja, kijana wa miaka 12. Nyumbani ukichukua mtoto wa dada yako, nani anakuja kukagua friji? Huku kibali hakiishi muda kama leseni ya gari, ila kanuni za mwaka 2011 zinataka kipitiwe upya kabla ya mwaka kupita. Mapitio ya kwanza lazima yafike mbele ya jopo. Mnaulizwa nyie, inaulizwa mamlaka iliyomleta mtoto, na mtoto mwenyewe anaulizwa kulingana na umri na uelewa wake.

Vya kuonekana nilivipanga: kengele za moshi, dawa kwenye kabati la kufuli, daftari la kila siku, vyeti vya mafunzo. Hofu yangu ilikuwa kwingine. Tangu mume wangu aanze shifti za usiku, tulikuwa tunapishana mlangoni. Vikao vya shule, safari za kumpeleka kijana kuonana na mama yake, usiku anaoamka akilia, vyote juu yangu. Wiki tatu hatukuongea zaidi ya "maziwa yameisha". Na mkataba tuliosaini unatutaka tutoe taarifa kwa maandishi hali ya nyumbani ikibadilika! Tukakubaliana tusiseme. Yaani kwenye kuficha tu ndiko tulikobaki timu moja.

Siku ya mapitio, afisa tusiyemfahamu akauliza, "Na nyie wawili, mnaendeleaje?"

Nikatoa tabasamu la picha ya harusi. "Tuko poa."

Akasogeza karatasi ya kijana. Kwenye swali la nini angependa kibadilike, alikuwa ameandika mstari mmoja: angependa Anti asiwe anakula peke yake jikoni.

Mume wangu aliishika ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema, "Mke wangu amechoka, na mimi sipo. Tulipanga tusiwaambie." Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alishamaliza.

Jopo likapendekeza tuendelee, ila na mtoto mmoja badala ya wawili. Jopo halikati shauri. Linashauri, na afisa mwenye mamlaka ndiye anayeamua. Barua ikaja: tulikuwa na siku 28 za kuandika pingamizi au kuomba jopo huru litazame upya, au tukubali kwa maandishi mambo yaishe.

Sio siri, niliumia kama niliyefeli mtihani. Chumba cha pili nilikipaka rangi kwa mikono yangu. Kwa siku kadhaa niliandika pingamizi kichwani nikiwa kwenye basi, maneno makali kwelikweli, na mengi yalikuwa ya kumshitaki mume wangu kuliko ya kumjibu afisa.

Siku ya tisa aliomba ruhusa kazini, akabaki nyumbani. Tukakaa na ile barua katikati.

"Mama, huyo wa pili angekula na nani?" akaniuliza.

Sikumjibu. Nililia kwanza, halafu tukaongea mpaka saa nane usiku, hadi mambo ya mwaka juzi yakaibuka. Asubuhi tukasaini kukubali. Yeye akaomba shifti ya mchana, ambayo mshahara wake ni mdogo. Likizo ya Dubai tumeifuta, na bado inaniuma kidogo.

Jioni ile tukamweleza kijana. Habari za jopo hazikumhusu.

"Kwa hiyo nabaki?"

"Unabaki," mume wangu akamwambia.

Akanyoosha mkono kuvuka meza, akachukua chapati ya tatu. Ilikuwa yangu.