Hamu ya Kushona Ilipotutoka

Mama msomaji, je, chini ya kitanda chako au juu ya kabati kuna kazi ya mikono uliyoianza ukaiacha? Pengine ni kitambaa cha meza ulichokidarizi maua mawili kati ya manne. Pengine ni sweta ya mtoto yenye mkono mmoja, na mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la tatu. Kila ukifagia unaiona, moyo unakusuta, unajiambia, "Nitaimaliza likizo." Likizo inakuja, inapita, na mfuko uko palepale.

Sisi tunaoandika makala haya tunaijua vizuri hali hiyo. Kwetu yalikuwa mablanketi ya viraka. Tuliyapenda, tukayachoka, tukayaacha kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kisha tukayarudia. Tumeona tuwasimulie wenzetu, maana huenda yupo anayedhani ni mvivu kumbe ana jambo jingine.

Barazani kwa Bibi

Tulikuwa akina mama saba, na wa nane alikuwa mwalimu wetu, mama mzee wa kanisani kwetu ambaye wote tulimwita Bibi. Kila Alhamisi alasiri, baada ya vyombo kuoshwa na kabla ya watoto kurudi shule, tulikutana barazani kwake. Mali ghafi yetu haikuwa na gharama: mabaki ya vitenge, khanga na vitambaa vya sare ambayo mafundi cherehani wa sokoni huyafagia jioni na kuyatupa.

Bibi alitufundisha taratibu. Kwanza kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kitenge kipya hurudi kikilowa, na khanga nyekundu ikichuja rangi huharibu jirani zake wote. Kisha tukate vipande vya mraba vya inchi 6 na nusu. Robo inchi huliwa na mshono kila upande, kikabaki kiraka cha inchi 6. Viraka 6 kwa upana na 8 kwa urefu, jumla 48, vinatoa blanketi la mtoto la futi 3 kwa 4. Katikati tuliweka blanketi kuukuu, chini shuka, tukapiga bandi ili tabaka zote tatu zisiteleze, ndipo tukashona kwa mkono kutoka juu hadi chini.

Siku hizo hatukushona ili kupata kitu. Blanketi la kwanza alipewa mzazi aliyejifungua mapacha akiwa na nepi nne tu. La pili lilikwenda kwa mjane. Mikono ilishona na midomo ilizungumza. Mwenye mume aliyeachishwa kazi alisema, mwenye mtoto mgonjwa alisema, na tulipofunga vikapu tuliombeana. Tulirudi nyumbani tukiwa wepesi.

Mambo yalivyogeuka

Watu wakayapenda mablanketi yetu. Mmoja akaagiza la zawadi ya harusi, mwingine matatu ya wageni. Tukafurahi, maana ada za shule hazingojei. Lakini pole pole Alhamisi ikabadilika. Badala ya kuulizana habari za nyumbani, tulianza kwa kuulizana, "La yule mama limefika wapi?" Tukagombana juu ya nani ameshona vingi na alipwe ngapi. Mteja mmoja alirudisha blanketi kwa kuwa rangi hazikufanana na picha aliyotuonyesha kwenye simu. Mwenzetu aliyelishona alilia, na tangu siku hiyo kila aliposhika mkasi mkono ulisita.

Katikati ya hayo Bibi akaugua, na baada ya wiki chache Bwana akamwita. Tulizika, tukakaa matanga, tukatawanyika. Alhamisi iliyofuata hakuna aliyekwenda barazani. Hata iliyofuata hiyo. Mkwewe, ambaye ni mmoja wetu, alikusanya vifaa vya mama mkwe wake kwenye mfuko wa salfeti akausukuma chini ya kitanda. Ndani yake lilikuwamo blanketi ambalo Bibi alikuwa akimshonea mjukuu wake wa mwisho. Halikuwa limekwisha.

Tulipokutana njiani tulisema, "Tutaanza tena." Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutoanza, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Hata mabingwa huchoka

Baadaye tulipata habari za akina mama wa Gee's Bend, na zilitufariji. Hicho ni kijiji katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mahali mto Alabama unapopinda. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa waliolimishwa pamba papo hapo, na hadi leo wengi hubeba jina la Pettway, jina la aliyekuwa mwenye shamba. Akina mama wa hapo walishona mablanketi ya viraka kwa sababu nyumba zao za mbao zilipitisha baridi. Walitumia nguo za kazi zilizochakaa na magunia.

Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Binti yake, Arlonzia, alisimulia baadaye kwamba mama yake alizichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo wake. Kwa mama huyo, msiba haukumwondoa kwenye sindano. Ulimrudisha.

Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hizo walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakauza kazi zao katika miji mikubwa. Mwaka 1972 walipata oda ya kampuni ya Sears, kushona foronya za kitambaa kizito cha kodroi. Oda ilileta fedha, ila ilitaka kila foronya ifanane na mwenzake. Basi yale mabaki ya kodroi waliyachukua nyumbani, na huko wakayashona kila mtu apendavyo. Tuliposoma hayo tulitazamana. Wenzetu walikuwa na kazi ya oda, lakini walijiwekea na mahali pa kushona bila oda. Sisi hatukujiwekea.

Yupo pia Louisiana Bendolph, aliyejifunza kushona tangu utotoni hapohapo. Alikua, akafanya kazi katika viwanda vya nguo, akalea watoto, na mablanketi akayaacha. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, naye akasafiri na wenzake kwenda kuyaona. Hakuwa na nia ya kushona tena. Lakini baada ya safari ile mitindo ya mablanketi ilianza kumjia kichwani. Akaichora kwenye karatasi ili imwache, isimwache. Mwisho akashika kitambaa. Hakuna aliyemkemea kwa uvivu. Aliona tu kwamba kazi ya mama zake ilikuwa na thamani, na hamu ikaamka yenyewe.

Siku bati lilipovuja

Sisi hatukwenda Houston. Kwetu ilikuwa mvua ya masika. Bati la nyumba ya mwenzetu lilivuja usiku, maji yakaingia chini ya kitanda, na asubuhi akautoa ule mfuko ili aanike vilivyomo. Alipolitandaza blanketi la mama mkwe wake kwenye kamba, alisimama hapo muda mrefu. Kisha akamtuma mtoto atuite.

Tulifika wanne. Viraka 31 vilikuwa vimeungwa, yaani safu tano kamili na kiraka kimoja cha safu ya sita. Sindano ilikuwa bado imechomekwa hapo, imeshika kutu. Tukaanza kutazama mishono. Safu za kwanza zilikuwa kama tulivyomjua Bibi, midogo, imenyooka, kama nafaka zilizopangwa. Safu ya tatu ilianza kupinda. Safu ya tano mishono ilikuwa mirefu, inapanda na kushuka, na mahali pengine sindano haikushika kitambaa kabisa.

Ndipo tulipoelewa kwamba Bibi alikuwa haoni vizuri, na hakutuambia. Na sisi tuliokaa naye kila Alhamisi hatukuona, kwa sababu tulikuwa tunahesabu oda. Kila mmoja wetu alikumbuka siku ambayo Bibi alimpa sindano na kumwomba amtungie uzi, naye akatunga haraka haraka bila kumwangalia usoni.

Tulilia. Halafu mmoja akachukua wembe ili afumue mishono iliyopinda na kuishona upya, blanketi lipendeze. Mkwe wa Bibi akamshika mkono. "Acheni," alisema. "Mtoto akiuliza, nitamwambia, hapa ndipo macho ya bibi yako yalipochoka, na bado alikuwa anakushonea."

Siku hiyo tulizungumza ambayo hatukuwahi kuyazungumza. Mmoja alisema aliacha kwa sababu ya blanketi lililorudishwa. Wa pili alisema alikuwa na mtoto mchanga asiyelala usiku, na aliona aibu kusema amechoka. Wa tatu alikiri kwamba aliangalia sana picha za kazi za watu kwenye simu, akaona yake ni takataka. Mkwe wa Bibi alisema alikuwa anaogopa, kwa kuwa kulimaliza blanketi lile kungekuwa kama kumzika mara ya pili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu.

Yaliyotusaidia

Mama mpendwa, haya tunakueleza kwa kuwa tumeyapitia.

La kwanza, usianze kwa kuitafuta hamu. Tafuta kilichoifukuza. Msiba una dawa yake, nayo ni muda na kuzungumza. Uchovu una dawa yake, nayo ni usingizi na mtu wa kukupokea mtoto. Neno baya la mteja lina dawa yake. Ukijiita mvivu wakati wewe ni mfiwa, unajipiga badala ya kujitibu.

La pili, anza na kidogo mno. Tulikubaliana kushona kiraka kimoja kila Alhamisi, basi, vikombe vya chai vioshwe twende nyumbani. Vilibaki 17. Wiki za kwanza hatukusikia hamu yoyote, tulishona tu. Alhamisi ya nne tulijikuta tumeshona vitatu, na hakuna aliyetaka kuondoka.

La tatu, usilinganishe. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Picha nzuri uliyoiona haikukuonyesha mara ngapi mwenzako alifumua.

La nne, kama unashona kwa kuuza, na ni vema kuuza, jiwekee na kazi moja isiyouzwa. Iwe ya mtoto wako, ya jirani, au ya furaha yako tu. Sisi sasa oda tunazishona siku nyingine. Alhamisi haina oda.

La tano, shona na mwenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mkikaa pamoja, tazamaneni nyuso, msitazame vitambaa tu. Somo hilo tulilipata kwa kuchelewa.

Tuseme na ukweli mwingine. Si wote waliorudi. Wawili walihama na waume zao. Mmoja anafuga kuku, anasema kushona kulikuwa kwa wakati wake na wakati huo umepita. Hatumlaumu. Hutuletea mayai, hunywa chai nasi, huenda zake. Kazi ya mikono ya kujifurahisha haikuletwa ili iwe deni. Ukiona kweli imekwisha kwako, mpe mtu vifaa vyako kwa moyo mweupe ili visikusute kila unapofagia.

Blanketi limekwisha

Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, habari za Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hatuambiwi kama mishono ilinyooka. Tunaambiwa kwamba walizionyesha wakilia.

Blanketi la Bibi tulilimaliza kabla ya Krismasi. Safu mbili na zaidi za mwisho ni zetu, na mikono minne inaonekana humo, kila mmoja na mshono wake. Ile sindano yenye kutu tuliitoa, tukashonea kifundo kidogo cha uzi mwekundu mahali ilipokuwa. Mjukuu analala nalo kila usiku. Juzi mama yake alimkuta akikipapasa kile kifundo kwa kidole huku anasinzia.

Basi mama, leo baada ya chakula cha jioni, uvute ule mfuko. Usishone. Uukung'ute vumbi tu, uitazame kazi ilipofikia, ujiulize ni nani uliyekuwa unamfikiria ulipoianza. Kama yupo karibu, mwite mketi. Mengine yatakuja na uzi.