Alizeti, dola na safari ya Makka

Singida alizeti huvunwa kuanzia Mei. Miezi ya kabla ya hapo mkulima anapalilia tu, anahesabu madebe ya uwele yaliyobaki. Ukitaka kujua nani atavuka mipaka mwaka huu, anzia hapo kabla ya kwenda kwa wakala wa tiketi.

Chukua Hija, safari ambayo Waislamu wengi wa mkoa huu huiwekea akiba kwa miaka. Mwaka 2019 siku ya Arafa iliangukia Agosti 10. Mwaka 2025 ikawa Juni 5, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Malipo nayo hutangulia kwa miezi, kwa hiyo sasa yanamkuta mkulima shamba likiwa bado na maua. Mwenye ng'ombe anauza. Asiye nao anasema "mwakani, inshallah", na mwakani tarehe inakuwa imesogea tena.

Halafu kuna dola. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986, 3.75 kwa dola moja, hivyo shilingi ikiteleza mbele ya dola, Makka inapanda bei. Katikati ya 2021 dola ilikuwa kama Sh2,300. Katikati ya 2024 ikapita Sh2,600. Tuseme safari ni dola 5,000: mtu yuleyule anatakiwa kuongeza Sh1.5 milioni, na hakuna aliyemwongezea ekari. Katikati ya miaka hiyo, msimu wa 2023, bei ya alizeti nayo iliporomoka, wakulima wakilalamikia mafuta ya nje yaliyopunguziwa ushuru. Ukilinganisha na hayo, ada ya pasipoti, Sh150,000, ni kitu kidogo, ingawa ndiyo watu wanayoilalamikia zaidi.

Mfanyabiashara wa nguo wa mjini anapiga hesabu tofauti. Safari ya Guangzhou, China, kwake ni gharama ya biashara, na dola ikipaa anabaki dukani: anachagua mzigo kwa picha za WhatsApp na kuchangia kontena na wenzake.

Wanaosafiri bila kelele ni wa vitunguu. Soko la Misuna, hapa Singida, hupakia malori ya kwenda Kenya, na anayefuatana na mzigo hahitaji viza. Hata hati ya dharura ya Uhamiaji inamvusha Namanga. Hoteli yake ni kibanda cha lori. Kinachomwamulia ni bei ya gunia Nairobi asubuhi hiyo, na ikiwa mbovu, hata lifti ya bure haimtoi Singida.