USONJI: DAKTARI ANAUTAMBUAJE KWA MTOTO?



Mwezi huu tunaongelea jambo ambalo katika nyumba zetu linasemwa kwa sauti ndogo. Kuna mtoto ambaye umri wa kuongea umefika na hasemi. Ukimwita jina hageuki. Kutwa nzima anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na ukivigusa analia mpaka anachoka. Majirani wanasema ni pepo. Wengine wanasema mama yake alikosea wakati wa mimba. Basi mtoto anafichwa ndani na shule hapelekwi. Inawezekana mtoto huyo ana usonji. Tuangalie madaktari wana maana gani wakitaja neno hilo.

Jina lilianzia wapi?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliopenda kukaa peke yao na hawakutaka kitu kibadilike. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya watoto walioongea vizuri lakini walishindwa kuzoeana na wenzao. Kwa muda mrefu usonji ulichanganywa na ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Tena wataalamu wengine wakawalaumu wamama, eti hawakuwapenda watoto wao. Baadaye ikaonekana si kweli. Kumbe hata wasomi walimtwisha mama mzigo usio wake, sawa na majirani zetu!

Vitabu viwili vya madaktari

Madaktari wana vitabu vinavyopanga magonjwa na hali za afya, kila moja na jina, maelezo na namba yake. Kimoja kinaitwa ICD, cha Shirika la Afya Duniani. Kingine ni DSM, cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani. DSM iliupa usonji nafasi yake yenyewe mwaka 1980. Baadaye ukagawanywa katika aina kadhaa. Shida ikawa kwamba mtoto mmoja aliweza kupewa jina hili kwa daktari huyu, na jina lingine kwa daktari yule. Mwaka 2013 DSM ikaunganisha aina hizo kuwa jina moja. ICD toleo la 11, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, nalo likafanya hivyo, kwa namba 6A02. Mahali ambapo bado wanatumia toleo la 10, namba inaanza na F84.

Vitabu vyote viwili vinauweka usonji kwenye fungu la hali za ukuaji wa ubongo. Si pepo, na hauambukizi.

Daktari anatafuta nini?

Anatafuta mambo ya namna mbili, na yote mawili lazima yawepo.

1. Shida ya kuwasiliana na kushirikiana na watu. Kwa mfano, mtoto haangalii usoni, haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukione, hajui kucheza na wenzake.

2. Kurudiarudia na kushikilia. Anapepea mikono, anarudia neno lile lile, anataka njia ile ile kila siku, anapenda kitu kimoja kupita kiasi, au anaziba masikio kwa sauti ambazo wewe unaziona ndogo.

Tena mambo hayo yawe yalianza utotoni, na yawe yanamzuia katika maisha ya kila siku. Alama moja peke yake haitoshi. Mtoto mwenye aibu si mwenye usonji.

Hakuna kipimo cha damu

Hapa ndipo mzazi ana kazi. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha. Daktari anamwangalia mtoto akicheza, halafu anakuuliza wewe. Masikio yapimwe pia, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa.

Kwetu sisi wakimbizi, swali la «tangu lini?» ni kubwa. Mtoto aliyeona vita anaweza kunyamaza, lakini kabla ya hapo alikuwa anaongea na kucheza. Mwingine ananyamaza darasani kwa sababu lugha ni mpya, lakini nyumbani anapiga stori na ndugu zake. Wapo pia wenye usonji waliokuwa na maneno machache wakayapoteza wakiwa bado wadogo sana. Daktari hakuwepo siku hizo. Wewe ulikuwepo.

Kwa hiyo mzazi:

– Andika kwenye daftari mtoto alitembea lini, alisema neno la kwanza lini, na aliacha lini kama aliacha. Kama huandiki, mwambie mtoto mkubwa akuandikie.
– Mpeleke kituo cha afya mapema, usingoje eti atakua.
– Akitambuliwa, omba jina na namba viandikwe kwenye karatasi, uitunze pamoja na karatasi za familia. Mkihamia nchi nyingine, daktari wa huko ataielewa namba hiyo.
– Hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayekuuzia anakula pesa yako bure.

Lakini kujifunza mtoto anaweza, kila mmoja kwa mwendo wake: wengine kwa maneno, wengine kwa picha na ishara. Msimfiche. Njooni naye shuleni, tuongee.

Tuonane toleo lijalo.