Ruhusa ya Kutumia Majina na Nembo za Programu Huria

Chama cha ushirika kinachonunua kompyuta leo kinaweza kuziendesha kwa programu ambazo hakikuzilipia hata senti moja, na kikafanya hivyo kwa njia halali kabisa. Programu hizo huitwa programu huria. Leseni zake humruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kumgawia jirani, kuchunguza zilivyoandikwa na hata kuzibadili. Ruhusa hiyo ni pana sana, nayo ndiyo iliyowafanya watu wengine kudhani kwamba kila kilichomo, pamoja na jina la programu na nembo yake, ni mali ya hadhara. Dhana hiyo si sahihi. Chama kinachoifuata chaweza kujikuta kimechapisha vibao, fulana na vyeti ambavyo baadaye kitalazimika kuviteketeza, na hasara hiyo italipwa na wanachama.

Ziko haki mbili ambazo yafaa zitenganishwe. Ya kwanza ni hakimiliki, inayohusu kazi yenyewe, yaani maandishi ambayo watungaji wa programu wameyaandika. Ya pili ni haki ya alama ya biashara, inayohusu jina na nembo ambazo kwazo watu huitambua kazi hiyo. Leseni huria hutoa ruhusa katika haki ya kwanza. Katika ile ya pili aghalabu hainyoshi mkono, na nyingine husema hivyo waziwazi. Leseni ya Apache, toleo la 2.0 la mwaka 2004, inayotumiwa na programu nyingi mno duniani, inatamka katika kifungu chake cha 6 kwamba haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za biashara za mtoa leseni, isipokuwa kwa kiasi cha kawaida kinachohitajika kueleza kazi imetoka wapi.

Mwanaushirika hahitaji kwenda mbali ili alielewe jambo hili. Chama kikimpa mkulima jirani miche ya mibuni, na kumfundisha namna ya kumenya na kukausha, mkulima huyo yu huru kupanda, kuvuna na kuuza kahawa yake atakavyo. Lakini hana ruhusa ya kuitia katika magunia yenye chapa ya chama. Chapa ile humwambia mnunuzi ni nani aliyeipokea kahawa, ni nani aliyeipanga kwa daraja, na ni nani atakayejibu iwapo mawe yatakutwa ndani ya gunia. Mwenye kuitumia bila idhini hakuiba kahawa; amechukua dhamana ya wengine.

Kwa upande wa sheria, alama husajiliwa na kulindwa nchi kwa nchi. Tanzania Bara inayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili hufanywa na BRELA. Zanzibar inayo sheria yake na ofisi yake. Usajili wa kwanza wa Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Isidhaniwe kwamba alama iliyosajiliwa ng'ambo haina maana huku, maana chama kinachofungua tovuti kinasomwa kila mahali.

Wenye programu huria wenyewe walijifunza umuhimu wa majina kwa taabu. Jina la Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, liliombewa usajili Marekani mwaka 1994 na mtu ambaye hakushiriki kuiandika, na usajili ukakubaliwa mwaka 1995. Watumishi wa programu hiyo walikuwa na kila mstari wa kazi yao mikononi, lakini jina likawa la mwingine. Ilihitajika kesi, na ni mwaka 1997 ndipo jina lilipohamishiwa kwa Torvalds. Hali iliyofanana na hiyo ilitokea mwaka 2010 kwa OpenOffice.org, programu ya kuandikia barua na kupanga hesabu, ile ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, ilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wa waliojitolea kuiendeleza walijitenga na kampuni ya Oracle, iliyokuwa na jina. Kazi waliruhusiwa kuichukua, jina hawakupewa. Ndiyo sababu programu waliyoiendeleza inaitwa LibreOffice hata leo.

Mfano unaofundisha zaidi, hata hivyo, ni ule wa Debian na Firefox, kwa kuwa hapakuwa na mwizi wala mlaghai. Debian ni mradi wa watu waliojitolea, ulioanzishwa mwaka 1993, unaokusanya maelfu ya programu huria na kuzitoa kwa pamoja kama mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta. Firefox ni programu ya kusomea kurasa za intaneti, nayo hutolewa na Mozilla. Debian iliitia Firefox katika mkusanyo wake, lakini haikuiweka nembo yake ya mbweha, kwa sababu masharti ya nembo ile hayakuruhusu ibadilishwe, na kanuni za Debian hazikubali kitu kisichoweza kubadilishwa. Kwa hiyo jina lilibaki na picha nyingine ikawekwa mahali pa nembo.

Mwaka 2006 Mozilla ilieleza kwamba utaratibu huo haukubaliki. Jina na nembo huenda pamoja. Anayetaka kimoja achukue vyote viwili. Zaidi ya hayo, marekebisho yoyote katika programu yenye jina la Firefox sharti yaidhinishwe kwanza na Mozilla. Dai hilo lilikuwa na msingi. Mtumiaji akiona programu iliyoandikwa Firefox inaharibika, atailaumu Mozilla, wala hataulizia ni nani aliyeigusa njiani. Lakini Debian nayo ilikuwa na hoja ya haki: matoleo yake hutunzwa kwa miaka kadhaa, na kasoro za usalama huzibwa katika programu za zamani hata baada ya mtungaji kuhamia kwenye toleo jipya. Haikuweza kungoja idhini kwa kila kiraka.

Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hazikupatana. Debian haikugombana wala haikuendelea kwa siri. Ilibadili jina. Katika toleo lake la 4.0, lililotoka Aprili 2007, programu ile ile iliitwa Iceweasel, yaani kicheche wa barafu, kwa kuligeuza kwa utani jina la Firefox lenye maana ya mbweha wa moto. Kazi ilibaki ile ile. Jina hilo lilidumu karibu miaka kumi, hadi mwaka 2016, Mozilla ilipokubali kwamba marekebisho ya Debian hayapunguzi ubora wa programu, na jina la Firefox likarudi pamoja na nembo yake.

Mradi huo huo wa Debian, uliowahi kuwa mwombaji, ni mwenye alama pia, na masharti yake yafaa yasomwe na katibu yeyote kwa kuwa yameandikwa kwa lugha nyepesi. Alama ya Debian inashikiliwa kwa niaba ya mradi na shirika la Marekani lisilotafuta faida liitwalo Software in the Public Interest. Nembo zake ni mbili. Moja ni mzunguko mwekundu ambao watu wanaruhusiwa kuutumia kwa upana. Ya pili ni mzunguko huo ukitoka katika chupa kama moshi, nayo imewekewa mpaka, kwa shughuli rasmi za mradi tu. Sera iliyotolewa Januari 2013 inaruhusu, bila kuomba, kutaja jina la Debian katika kusema jambo la kweli. Inaruhusu hata fulana na kofia. Zikiuzwa kwa faida, inashauriwa mnunuzi aambiwe kwa ukweli ni sehemu gani ya bei, kama ipo, itakayochangiwa mradi. Kisichoruhusiwa ni kulifanya jina hilo sehemu ya jina la kampuni, bidhaa au anwani ya tovuti, au kuonyesha kwamba mradi unaunga mkono shughuli fulani ilhali sivyo.

Hapo ndipo vyama vinapoweza kuteleza. Chama kikifungua darasa la kompyuta kwa vijana wa wanachama, na kikatangaza kwamba kinafundisha matumizi ya Debian na LibreOffice, hicho ni kusema kweli. Kikiandika katika kibao «Kituo Rasmi cha Debian», na kugonga nembo juu ya vyeti, mzazi anayelipa ada ataamini kwamba mradi wenyewe umekikagua kituo na kuthibitisha mafunzo yake. Fedha zake zimechukuliwa kwa ahadi ambayo aliyetajwa hakuitoa. Neno «rasmi» ni dogo, lakini ni la hatari kuliko nembo yenyewe.

Iwapo matumizi yanayokusudiwa hayamo katika yale yaliyoruhusiwa, au iwapo pana shaka, katibu na aandike kuomba kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Kila mradi una masharti yake, na ruhusa ya mmoja haihamii kwa mwingine. Barua haihitaji maneno mengi. Debian, kwa mfano, hutaka kujua jina la mwombaji na la chama chake, kusudi la matumizi na kama ni ya biashara au siyo, pamoja na maelezo ya namna alama itakavyotumiwa. Ni vyema barua iambatane na mchoro wa kibao au cheti kinachokusudiwa, na kutaja idadi na muda. Kunyamaza kwa mradi kusichukuliwe kuwa ni kukubali. Jibu likikataa, chama bado kinaweza kuitumia programu na kuifundisha kama kawaida, chini ya jina la chama chenyewe.

Jibu likikubali, lisomwe katika kikao cha bodi, liingizwe katika muhtasari, na nakala yake itiwe katika faili la mikataba, maana katibu anayekuja hatajua kilichoahidiwa na aliyemtangulia. Nembo ichukuliwe kutoka kwa mradi wenyewe, si kukatwa katika picha ya gazeti. Ikikuzwa au kupunguzwa, urefu na upana wake viende sawia. Isichanganywe na nembo ya chama kuwa kitu kimoja, na mahali panapoonekana paandikwe kwamba alama hiyo ni mali ya nani.