Simu ya usaili ikiita, nyumba nzima isaidie

Simu inaita saa nne asubuhi. Kijana yuko kwenye daladala, kondakta anaita abiria wa Mwenge, na upande wa pili yuko ofisa ajira wa kampuni ya ushauri wa biashara aliyosubiri miezi mitatu. Anapokea kwa hofu, anajibu nusu nusu, na nafasi inapotea.

Haikuwa lazima apoteze. Angeweza kushukuru, akasema yuko barabarani na kuomba wazungumze saa sita. Ofisa ajira hushangazwa zaidi na mtu anayekazana kujibu huku hasikiki.

Kampuni za aina hii, zikiwamo Deloitte, PwC, EY na KPMG zenye ofisi Dar es Salaam, hupata maombi mengi, hivyo simu ya kwanza mara nyingi huwa ya mchujo. Huchukua kama nusu saa. Maswali magumu ya kutatua tatizo la mteja kwa kawaida huja baadaye. Hapa mwombaji huulizwa yeye ni nani, kwa nini kazi ya ushauri, kwa nini kampuni hiyo, yuko tayari kusafiri, na anatarajia mshahara gani.

Kwa kila jambo lililo kwenye wasifu wake, aandae kisa kifupi: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa nini, alifanya nini na matokeo yakawaje. Aliyesimamia hesabu za duka la mama yake asione haya kulitaja. Kupunguza madeni ya wateja ni kazi ya ushauri pia.

Swali la mshahara ndilo huwakwaza wengi. Kabla ya kutaja kiasi, akumbuke makato ya kodi na NSSF, na kwa aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hesabu hiyo ifanyike na wazazi mezani, kwani huenda wao tayari wameshapanga ada ya mdogo wake kutoka kwenye mshahara ambao haujapatikana.

Siku yenyewe simu iwe na chaji, wasifu uwe mbele yake, na maswali mawili ya kumuuliza ofisa yawe yameandikwa. Nyumbani televisheni izimwe na watoto watolewe uani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, dada au kaka ampigie simu kutoka chumba cha pili, amhoji kwa Kiingereza kama ndiyo lugha ya usaili.

Akiombwa fedha ili usaili uendelee, akate simu. Huyo ni tapeli.

Na akimaliza, asikimbiliwe na swali la lini anaanza kazi. Akaribishwe chai kwanza. Ataeleza mwenyewe.